Joho la Mwisho Aliloshona Mama

Ndugu waombolezaji, mimi ni mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu. Naona wengi mnageuka kumtazama mjomba pale getini, mdogo wake wa pekee, hivyo niseme mapema kwamba nitamtaja.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, akamaliza darasa la saba mwaka 1972, akafundishwa ushonaji na shangazi yake, na kuanzia mwaka 1977 alikuwa na cherehani yake barazani karibu na soko, akishona sare za shule na majoho ya kwaya, na mteja aliyedai nguo kabla ya siku yake alijibiwa mpaka akajuta kuuliza.

Tarehe 19 Desemba 1981 alifunga ndoa na baba yetu, fundi umeme, aliyetangulia mwaka 2015, wakajaliwa watoto wanne. Kitinda mimba wetu, akiwa na miaka sita, aligongwa uani kwetu tarehe 12 Agosti 2003, mjomba alipokuwa akirudisha nyuma gari lenye saruji bila kushuka kuangalia, akafa papo hapo.

Tangu siku hiyo mama hakusema na mdogo wake, naye mjomba hakushika usukani tena. Katika sala ya jioni, tukifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, mama alinyamaza, kisha akaungana nasi kwenye majaribu. Kwaya ilipotaka majoho mapya aliwashonea wote isipokuwa mjomba, aliyeimba besi kwa shati jeupe Jumapili baada ya Jumapili, na mchungaji alipomsihi mama, alijibiwa kwamba kitambaa kimekwisha. Kitambaa kilikuwa kabatini, sote tulikiona.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua, na Januari mwaka huu, miguu ikiwa imevimba hata hawezi kukanyaga pedali, alimwita mjomba, akamwamuru asimame wima na anyanyue mikono, akachukua futi yake, na alipoizungusha kifuani ilimbidi amkumbatie, maana hakuna njia nyingine ya kumpima mtu kifua, wakalia wote wawili, nami nikatoka nje kwa hasira. Joho lile alilishona kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono.

Tarehe 17 Juni alizidiwa, mjomba akashika usukani, akamfikisha hospitali, na kesho yake asubuhi mama akafariki, akiwa ameagiza asiteremshwe kaburini kabla mimi na mjomba hatujapeana mikono. Ndiyo sababu tumechelewa, mchungaji, wala si maturubai kama ulivyoambiwa. Nimekataa tangu alfajiri, na moyo wangu bado mgumu, siwezi kuwadanganya mbele ya jeneza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, mafundi wenzake waliofunga kazi leo, na wanakwaya.

Mjomba, sijafika alikofika mama, na sijui kama nitafika, lakini siwezi kumzuilia kaburi lake kwa ajili ya mkono wangu, kwa hiyo ingia, pita katikati ya watu, uje hapa mbele, upokee salamu niliyokunyima tangu nimzike mdogo wangu. Shikamoo, mjomba.

Mama, sasa pumzika kwa amani.