Mtoto Niliyemfunga kwa Kamba ya Ndama

Ndugu zangu katika Kristo, nawasalimu nyote, walio karibu na walio mbali. Mimi ni mtu ambaye dunia haina kitu cha kunishtua. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema, tena kwa sauti, ili walio nyuma pia wasikie. Shule niliachia darasa la tano, nikaenda kuchuna chai ya watu. Leo nina ekari nne na nusu za chai yangu mwenyewe hapa upande wa Mogogosiek, nina ng'ombe saba wa gredi, wale wa maziwa mengi, na nyumba ya mawe, na hakuna mtu wa ofisi aliyenishika mkono kufika hapo. Mvua ya mawe imenipigia chai mara mbili na bado nimesimama. Vijana wa kanisa nilikuwa nawaambia, "Niulizeni mimi. Hakuna kitu sijaona."

Basi nilishtuliwa na mtoto wa miaka miwili, katika boma langu mwenyewe, asubuhi jua limewaka.

Tena niseme mapema: huu ni ushuhuda wangu wa pili juu ya jambo hili. Wa kwanza niliutoa nikiwa nimesimama mbele ya kanisa, nimevaa koti, na watu wakapiga makofi. Mama mmoja alilia. Ule ushuhuda ulikuwa na uongo ndani yake. Ndiyo sababu nimechukua kalamu.

Mungu ametupa watoto watano. Wanne ni wakubwa. Halafu, baada ya miaka kumi na moja, wakati mke wangu alikuwa ameshagawa nguo zote za watoto, akaja Kipchirchir. Jina hilo kwetu hupewa mtoto aliyezaliwa kwa haraka, na huyu haraka hajaiacha mpaka leo. Hatembei, anakimbia. Ukimwita anaenda upande ule mwingine. Amewahi kutia kiatu changu cha kanisa ndani ya ndoo ya maziwa. Amewahi kumfukuza jogoo mpaka jogoo akapanda juu ya tangi. Mama yake akilalamika amechoka, mimi nacheka. Namwambia, "Mimi nimelea wanne, na hakuna aliyenisumbua."

Nililea wapi? Nilikuwa natoka hawajaamka, narudi wamelala. Aliyelea ni yeye.

Siku moja mama mkwe akavunjika mguu huko kwao Siongiroi, na mke wangu akalazimika kwenda kumwangalia siku nne. Alitaka kumwita dada yake aje akae na mtoto. Nikakataa. Nikamwambia, "Mtu ameshinda ndama wote hawa, atashindwa na ka-weri kamoja?" Weri ni mtoto wa kiume. Mke wangu alinitazama kidogo, akafunga mzigo wake, akaenda.

Siku ya kwanza nilishinda. Siku ya pili tulitoka sare. Alimwaga uji, nikapika mwingine, akamwaga huo pia, na wakati napanguza sakafu alikuwa ameshavua nepi na kumvalisha mbwa. Nilipopata dakika ya kukaa chini nikasikia kimya, na mzazi yeyote anajua kwamba kimya cha mtoto si kitu kizuri. Nilimkuta ameingia kwenye hori ya ng'ombe, anakula chumvi yao.

Siku ya tatu asubuhi nilikuwa nimechelewa. Gari la maziwa lilikuwa karibu kupita barabarani na bado sijamaliza kukamua. Kipchirchir naye yuko katikati ya miguu ya ng'ombe. Wakati huo alipita Moraa na kikapu chake mgongoni. Moraa ni mama aliyekuwa ananichunia chai kwa miaka mitatu, mtu wa upande wa Kisii, ana watoto wawili na bwana yake alifariki. Alikuwa amepanga chumba hapo karibu na soko. Akasimama, akasema, "Mzee, nipatie mtoto nimbebe. Mimi nimechuna na wangu wote wakiwa mgongoni."

Ndugu zangu, angalieni kiburi. Mwanamke ananionea huruma, mimi naona ananidharau. Nikamjibu, "Wewe chuna chai. Mtoto wangu hawezi kulelewa na kibarua."

Alikaza kikapu mgongoni. Alitelemka shambani.

Sasa nikafanya kitu ambacho mfugaji tu anaweza kufanya. Ndama akikusumbua wakati unakamua, unamfunga kwenye nguzo hatua mbili tatu kutoka kwa mama yake, anakuona, wewe unamwona, kazi inaendelea. Nilichukua kamba ya ndama. Nikaipitisha mbele, kwenye mikanda ya ile suruali yake ya mabega, nikafunga fundo kwenye nguzo. Nikamwambia, "Kaa hapo kama ndama mzuri." Akacheka, akafikiri ni mchezo. Mimi nikajiona nina akili. Nikamaliza kukamua, nikabeba makopo mawili ya maziwa mpaka barabarani, na kwa vile ni mimi, nikasimama huko kidogo kumwambia dereva jinsi ninavyolea mtoto peke yangu bila shida.

Niliporudi, kamba ilikuwa imefungwa vilevile, fundo zuri kabisa. Suruali ilikuwa imening'inia kwenye kamba. Mtoto hakuwa ndani.

Nilicheka mara moja. Halafu nikatazama huku na huku na kicheko kikakatika.

Kwa asiyejua chai nieleze. Shamba la chai ukilitazama kutoka juu ni kama meza ya kijani, imekatwa sawasawa, inafika tumboni mwa mtu mzima. Chini yake kuna shina na kivuli na nafasi. Mtoto mdogo anapita humo amesimama wima, na wewe hapo juu huoni hata jani likitikisika. Na shamba langu linatelemka. Mwisho wa mtelemko kuna shimo la maji nililochimba mwenyewe kwa ajili ya ng'ombe, refu kuliko mimi, na kuta zake ni za udongo unaoteleza.

Nilikimbia moja kwa moja mpaka shimoni. Maji yalikuwa ya kahawia na hayakuonyesha kitu. Niliingia na gumbuti zangu za mpira, maji mpaka kifuani, nikapapasa na mikono, nikipiga kelele jina lake. Mimi ambaye nilizoea kuomba maombi marefu ili watu waone, siku hiyo nilikuwa na neno moja tu: Bwana. Bwana. Bwana.

Majirani walisikia, wakaja. Wakaja wachunaji wote. Akaja mama mzee wetu wa kanisa, ambaye tunamheshimu sana. Wakanivuta kutoka majini. Na huyo mama akaniuliza swali la kawaida tu: "Ulikuwa umemwachia nani mtoto?"

Ndugu zangu, hapa ndipo aibu yangu ilipo. Mtoto wangu hajulikani kama yuko hai au amekufa. Matope yananitoka mdomoni. Na bado moyo wangu ulipata nafasi ya kujilinda. Niliona watu wakijua kwamba nimemfunga mtoto kama mnyama, mimi mwenye nyumba ya mawe. Nikainua kidevu kumwelekea Moraa. Nikasema, "Nilimwachia huyu."

Na nilimchagua kwa akili. Hakuwa na ndugu hapa. Kama ningesema mke wa jirani, jirani angeuliza. Kwa Moraa hakuna aliyeuliza. Mmoja akasema tu, "Hawa watu." Mwingine akatema mate.

Moraa alinitazama. Nilingoja apige kelele, aseme huyu mzee anadanganya. Badala yake alivua kikapu, akalala kifudifudi kwenye udongo, shavu likagusa chini, akaangalia ndani ya chai. Akasema, "Acheni kusimama. Ukiwa juu huwezi kuona. Laleni chini muangalie miguu."

Tukalala wote. Hata mama mzee. Watu wazima zaidi ya kumi, tumbo chini. Na baada ya muda Moraa akasema polepole, "Namwona." Akaingia chini ya chai kwa magoti na viwiko, matawi yakimchana mikono na uso. Kipchirchir alikuwa amekaa kwenye kivuli, uchi na shati tu, anamlisha kinyonga udongo. Kutoka pale alipokuwa mpaka shimoni nilihesabu baadaye: ni mistari sita ya chai.

Watu walilia, wakaimba. Mtoto akapita mkono kwa mkono. Katika ile furaha niliona Moraa anapanda kuelekea zizini. Nikamfuata, maana nilijua kuna nini huko. Alikuwa ameshafungua lile fundo. Aliikunja ile suruali vizuri, kama mtu anakunja nguo ya kanisa, akanipa mkononi. "Mzee, nguo ya mtoto." Akarudi kuchukua kikapu.

Nafikiri alinipa nafasi. Alifikiri mtu mzima atajirudi mwenyewe, mbele ya watu hao hao, siku hiyo hiyo. Sikujirudi.

Mke wangu alirudi, na majirani walimweleza kabla hajafika mlangoni. Alienda moja kwa moja shambani. Nilikuwa nimekaa kwenye veranda na kikombe. Nilimsikia akimwambia Moraa, "Sitaki kukuona tena kwa chai yangu." Nilisikia, nikanywa. Jumapili iliyofuata nikasimama kanisani nikashuhudia jinsi Mungu alivyomwokoa mtoto wangu kutoka mikononi mwa mwanamke mzembe. Hayo ndiyo makofi niliyowaambia.

Miezi mitatu ikapita. Chakula hakikuwa na ladha. Nikiomba naona maneno yanagonga dari na kurudi. Lakini kuungama, hapana. Nilisema moyoni, Mungu anajua, inatosha.

Mungu kweli alikuwa anajua, akamtuma Kipchirchir. Wakati huo alikuwa ameanza kuunga maneno. Jioni moja, jua bado liko juu, mke wangu anakamua na mimi namimina chakula cha ng'ombe. Mtoto akaja anaburuta kamba ya ndama. Akaenda kwenye nguzo ileile. Akaizungusha kamba kwenye tumbo lake, akaniletea ile ncha nyingine, anatabasamu. "Baba, funga. Chichi ndama mzuri." Chichi ndivyo anavyojiita.

Mke wangu aliacha kukamua. "Nani alikufunga, mtoto wangu?"

"Baba."

"Mzee, mtoto anasema nini?"

Ningeweza kusema watoto wanaropoka. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mtoto alikuwa bado ameshika ile kamba, ananingoja nicheze, hana hata chembe ya kinyongo na mimi. Nilikaa chini kwenye mavi ya ng'ombe na nikasema yote. Mke wangu hakunipigia kelele. Alisema, "Kwa hivyo mimi nilimfukuza mtu aliyeniokolea mtoto." Kisha akamaliza kukamua, na wiki mbili hatukuongea ila juu ya ng'ombe.

Tulimtafuta Moraa tukampata upande wa Sigowet, anachuna kwa mtu mwingine. Nilitaka nimwite kando, nimwombe msamaha nyuma ya nyumba, tumalize kikubwa. Alikataa. "Uliniharibia jina kwa watu wengi, na mimi ni mmoja tu. Kaoshe palepale ulipochafua."

Basi alipanga siku akaja, na nilisimama kwenye kituo cha kupimia chai, watu wale wale wa siku ile wamepanga magunia, karani ameshika mizani. Nilitoa kofia. Nikasema nilimfunga mtoto kwa kamba, na nikamsingizia huyu mama kwa sababu hana mtu wa kumtetea. Halafu mzee mmoja akasema kutoka kwenye foleni, "Kumbe ndama alikuwa ni wewe." Wakacheka, na nilistahili. Yule aliyetema mate alienda kumsalimia Moraa kwa mikono miwili. Mke wangu alimshika akalia naye.

Namshukuru Mungu aliyenitoa kwenye uongo kwa mkono wa mtoto anayevaa nepi. Wewe unayesoma, kama kuna jina la mtu ulilochafua ili lako libaki safi, usingoje makofi yaishe. Mkabidhi Yesu aibu yako, ataibeba. Mimi nilifikiri nitakufa pale kwenye mizani, na sikufa. Siku hizi asubuhi mimi ndiye ninayembeba Kipchirchir mgongoni, na wanaonicheka nawaacha wacheke.

Siku ile ya kwenye mizani nilikuwa nimebeba bahasha. Mtu kama mimi hufikiri kila kitu kina bei, nikaweka elfu ishirini. Moraa aliifungua akaitazama, akanirudishia. Alisema kazi anayo, na jina lake haliuzwi. Lakini siku ile alipofukuzwa, alihama na watoto wawili na godoro, na nauli aliikopa; hiyo tu nimrudishie. Gari mia mbili, pikipiki mia na hamsini. Nikampa elfu moja, akaenda kwa mama wa duka kutafuta chenji, akanihesabia mkononi. Hiyo ndiyo hesabu yote aliyonidai, ndugu zangu: shilingi mia tatu na hamsini.