Mama Jeti Atundika Bisibisi

Tarehe 30 Juni, saa sita mchana, fundi wa pikipiki wa kituo chetu cha afya atafunga kabati lake la vifaa na kukabidhi ufunguo, baada ya miaka ishirini na tisa kazini. Amefanya kazi chini ya wakuu wa kituo sita, na wote walimkuta ameinamia injini. Jina lake la kwenye faili wengi hatulijui. Kwetu ni Mama Jeti, na ukimwita vinginevyo hageuki.

Alianza kama mfagiaji wa banda la pikipiki. Fundi wa wakati huo alikuwa akisafisha kabureta kwa waya wa chuma, halafu anashangaa kwa nini pikipiki zinakunywa petroli kupita kiasi. Mfagiaji ndiye aliyegundua kwamba waya ulikuwa unapanua tundu la jeti, kile kipande kidogo cha shaba kinachopima mafuta. Kwa heshima aliendelea kufagia wiki nzima. Kisha akachomoa njiti moja ya ufagio wake, akaichonga ncha, akaomba ajaribu yeye. Miaka miwili baadaye banda lilikuwa lake.

Sisi wauguzi wa mzunguko, tunaowapelekea dawa wagonjwa wasioweza kufika kituoni, ndio tunaojua thamani yake. Pia ndio tuliokula maneno yake. Mimi mwenyewe alinifokea mbele ya foleni ya wagonjwa kwa sababu nilitoka kituoni hadi sokoni choki, ile ya kuwashia injini baridi, ikiwa bado imevutwa. Nilistahili. Tukimsifu sana, hutuambia tupunguze sifa na tuongeze kufuta vumbi.

Miaka kumi na miwili iliyopita mumewe, fundi cherehani, alipata kiharusi kilichomlegeza upande wa kushoto. Hakukuwa na mtu wa kushinda naye. Mkuu wa kituo wa wakati ule akamruhusu Mama Jeti afanye kazi bandani hadi saa sita mchana, kisha abebe kabureta akazisafishie nyumbani.

Karakana hiyo nimeiona. Ni kibaraza cha nyuma, mbali kabisa na jiko, na meza iliyotandikwa kitambaa cheupe ili skrubu isipotee. Trei ya kushoto ni ya vichafu, ya kulia ni ya visafi. Mumewe hukaa upande wa kulia, huku mkono wake mzima ukiinua kila jeti juani. Akiona duara kamili la mwanga husema inapita. Akiona ukungu husema bado, na mkewe, ambaye hapa kazini hakubali kukosolewa na mtu yeyote, huichukua akaisafisha tena bila ubishi. Mtu aliyetunga uzi kwenye sindano miaka thelathini hadanganyiki na tundu.

Sasa lile la kaburi. Tulipata mlinzi mpya wa getini, mwadilifu mno, aliyeandika kila kitu kwenye daftari kama alivyokisikia. Neno kabureta hakuwahi kulisikia. Akaandika: kaburi moja limetoka, saa sita na robo. Kesho yake: kaburi limerudi, limesafishwa. Mkaguzi kutoka makao makuu aliposoma kwamba kituo cha afya kinatoa makaburi manne kwa wiki, rangi ilimtoka. Alipoelezwa alitabasamu kidogo, kisha akapiga marufuku kifaa chochote kuvuka geti.

Sisi tulicheka siku mbili mpaka mbavu zikauma. Mama Jeti hakucheka, kwa sababu amri ile ilimtaka achague kati ya kazi na mume. Siku ya tisa aliandika barua ya kuacha kazi, mistari miwili, bila lawama. Wiki hiyohiyo pikipiki tatu zilizima njiani, na moja niliisukuma mlimani nikiwa na dawa za kifafa mgongoni, jasho likinitiririka, nikijua kuna mama anachungulia barabara akinisubiri. Sikucheka tena.

Mkuu wa kituo aliichukua barua ile akaenda nayo nyumbani kwao. Alikaa kibarazani saa nzima akiwatazama wale wawili wakifanya kazi. Aliporudi aliwaandikia makao makuu kwamba karakana ya kituo ina matawi mawili, na hilo la pili tayari lina mkaguzi wake. Marufuku ikaondolewa. Barua ya kuacha kazi hatukuiona tena.

Fundi atakayeshika nafasi ya Mama Jeti amekwenda kibarazani kila alasiri kwa miezi sita. Anasema mama ni mkali ila baba ni mkali zaidi. Tumefarijika.

Kwenye orodha ya watumishi mumewe hayumo, kwa hiyo tumechapa vyeti viwili vya shukrani, na cha pili tutakipeleka sisi wenyewe, kwa pikipiki.

Mama Jeti, kuna watu wanaopumua leo kwa sababu dawa ilifika, na hawajui kwamba wewe upo. Sisi tunajua. Uliambiwa uchague, na hukumwacha yeyote kati yetu. Miaka kumi na miwili mumeo amegawana nasi muda wako bila kunung'unika. Sasa tunakurudisha kwake, siku nzima, kila siku. Asanteni nyote wawili, na mkae kwa raha.