Wasifu wa Bwana Mita, Mwandishi wa Karatasi za Kwaresima

Marehemu kaka yangu, ambaye karibu wote mliopo hapa mlimwita Bwana Mita, alizaliwa tarehe 3 Juni 1956, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Wa pili ni mimi ninayesoma. Alizaliwa katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, ambako baba yetu alikuwa akichemsha mafuta. Watu hudhani kiwanda cha sabuni kinanukia. Kabla ya sabuni kuna mapipa ya mafuta ya wanyama yaliyovunda, na sisi tulilala ukuta mmoja nayo. Marehemu tangu utotoni hakuweza kuvumilia harufu mbaya. Alikuwa akilala na kanga ya mama imemfunika uso, na mama alimwachia hata siku alizokuwa na kanga moja tu.

Kabla sijaendelea, niseme jambo. Kamati ya mazishi ilinipa wasifu ulioandikwa tayari, nami nilitakiwa kuusoma tu. Ulisema marehemu alikuwa nguzo, taa na chumvi, na kwamba alipendwa na kila mtu hadi dakika ya mwisho. Niliusoma nikasikia kichefuchefu, nikauacha nyumbani. Mjane wa marehemu aliniambia, "Shemeji, andika wewe. Andika yote, ninayoyajua mimi na unayoyajua wewe. Kamati wakinuna, wanune." Basi lawama zote zije kwangu.

Marehemu alianza shule ya msingi ya misheni Januari 1964, akamaliza kidato cha nne Novemba 1974. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Alichojulikana nacho ni ukiranja. Mwalimu akitoka, yeye ndiye aliyeandika majina ya wapiga kelele, na hakumwonea mtu haya. Juma moja aliandika jina langu mara tatu, nikachapwa mara tatu. Ila siku moja alicheka mwenyewe, kwa sauti, na mwalimu aliporudi alikuta jina la kiranja limeandikwa juu kabisa ya orodha. Alichapwa pamoja nasi. Nilimpenda sana siku ile, na nilidhani angebaki hivyo.

Mwezi Machi 1976 aliajiriwa na idara ya maji kama msoma mita, kazi aliyoifanya miaka arobaini hadi alipostaafu Juni 2016. Kazi yenyewe mnaiona kwa mbali: mtu na daftari, mlango hadi mlango. Hamuoni kilicho chini ya mfuniko. Marehemu alipiga magoti kwenye mashimo yenye tope, panya waliokufa, nepi zilizotupwa na mende wasio na idadi, akafuta kioo kwa kidole na kusoma namba. Alirudi nyumbani akanawa mara nne, na hakula nyama siku za kazi. Ndivyo alivyokutana na mke wake. Mwaka 1982 alifika kwa fundi cherehani mmoja, binti aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake, akamkuta ameweka kiti chake juu ya mfuniko wa mita na amegoma kusogea kwa sababu nguo ya bibi harusi ilikuwa haijakamilika. Marehemu alisubiri saa mbili, amesimama. Walifunga ndoa kanisani tarehe 12 Novemba 1983, na Mungu akawajalia binti wawili na kijana mmoja.

Sasa nifike kwenye karatasi. Kwaresima ya mwaka 2004 paroko wa wakati ule aliomba mtu wa kuandika tafakari fupi ya kila siku, kuanzia Jumatano ya Majivu. Marehemu alijitolea. Aliandika alfajiri ya siku yenyewe, kwenye meza ya jikoni, ukurasa mmoja, hakuvuka. Hakuandika ya kesho hata siku moja. "Tafakari ya jana ni kiporo," alisema. Katibu wa parokia alizitoa nakala mia nne, na moja ilibandikwa kwenye ubao wa mlangoni kabla ya misa ya asubuhi. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja wenye kichwa cha "Tendo la leo". Alifanya hivyo kwa Kwaresima ishirini na mbili.

Na aliandika vizuri, nisiwe mnafiki. Nina ile ya Siku ya Nane ya mwaka 2007: "Jana nilifunua mfuniko kwenye nyumba yenye maua hadi mlangoni. Mende wakatoka. Mwenye nyumba akaniambia, hao si wangu, wanatoka kwa jirani. Ndugu zangu, ndivyo tunavyoungama." Mlicheka, mkaikunja, mkaitia kwenye Biblia, na hakuna aliyefunua chochote. Mwaka mwingine Tendo la leo lilikuwa kumwomba radhi mtu mmoja uso kwa uso. Kufika jioni, watu kumi na saba walikuwa wamemwomba radhi mtunza bustani wa kanisa, ambaye ni kiziwi na hakuwa amekosewa na yeyote kati yao. Alipata mikono mingi ya kushika siku ile kuliko askofu. Marehemu aliposimuliwa alisukuma sahani yake. "Wananitia kinyaa," alimwambia mkewe, "na mimi ndiye ninayewaandikia."

Mama yetu alipopooza mwaka 2013 tulimleta kwangu, kwa kuwa mimi ni fundi friji na karakana yangu iko mbele ya nyumba yangu, sitoki. Mimi na mke wangu tulimwosha, tukamgeuza na kumbadilishia mashuka kwa miaka mitatu. Marehemu alikuja kila Jumapili baada ya misa, akasimama mlangoni mwa chumba na kitambaa puani. Mara moja alijaribu kuingia. Alifika kitandani, akatapika kwenye beseni la maji ya kumwoshea mama, akatoka mbio. Mtu aliyezamisha mikono kwenye mashimo ya mji mzima alishindwa na chumba cha mama yake. Sikumlaumu. Nilibadilisha maji.

Jumapili moja ya Februari 2016 nilikuwa nabadilisha mashuka kwa mara ya nne tangu asubuhi. Mgongo ulikuwa unaniuma, na mama alikuwa analia. Nikasema, "Mama, si ungeenda tu leo, upumzike na sisi tupumzike." Nilisema. Marehemu alikuwa mlangoni, akasikia.

Jumanne tarehe 23 Februari, Siku ya Kumi na Mbili, karatasi ilisema hivi: "Ninamjua mwana anayemwosha mama yake kwa mikono na kumzika kwa mdomo. Anamwombea afe kwa sababu ya harufu. Tendo la leo: jiulize kama wewe si yeye." Nakala mia nne. Mke wangu alipewa yake na mama mmoja wa jumuiya, tena kwa sauti ya huruma, na mkono ukiwa begani. Nilipopita langoni mwa kanisa jioni, watu walizikunja karatasi zao wakazitia mfukoni. Baadhi yenu mlikuwa palepale, na nawaona mbele yangu sasa hivi.

Nilikwenda kwake siku ileile.

"Kaka, umeniandika."

"Sijakutaja jina."

"Parokia nzima ina mwanamume mmoja tu anayemwosha mama yake. Ulitaka uweke na picha yangu?"

"Tafakari ni tafakari, mdogo wangu. Kama imekugusa, basi Roho amefanya kazi yake."

Nilimtazama, msafi, kucha zimekatwa, ananukia sabuni, nikasikia kinyaa ambacho sijawahi kukisikia kwenye chumba cha mama. Niliondoka bila kuaga. Mama alifariki tarehe 9 Machi, Kwaresima ikiendelea. Tulibeba jeneza pande mbili tofauti na hatukutazamana, na kwa miaka tisa hatukusemeshana tena. Yeye aliendelea kuwaandikia kuhusu upatanisho kila mwaka. Mimi niliendelea kupokea komunyo nikiwa nimekaa benchi la nyuma ili nisimpe mkono wa amani. Sijui kipi kinachukiza zaidi.

Ugonjwa ulianza Oktoba 2023, maumivu ya tumbo. Alipasuliwa Januari iliyofuata. Madaktari walikata sehemu kubwa ya utumbo, na tangu hapo alitumia mfuko wa choo uliobandikwa tumboni. Mfuko ule ulivuja. Wanajumuiya walikuja kumwombea, kwanza chumbani, kisha sebuleni, kisha barazani mlango ukiwa wazi, na mwisho wakatuma salamu. Shemeji anasema hakulalamika juu ya maumivu hata siku moja. Alichokuwa akitazama ni vitambaa. Mgeni akiingiza mkono mfukoni, marehemu alifumba macho. Hata hivyo, Kwaresima ya mwaka huu aliandika kama kawaida, ameegemezwa mito, na kijana wake ndiye aliyepeleka karatasi kwa katibu.

Ijumaa tarehe 11 Aprili, Siku ya Thelathini na Tatu, ubao wa kanisa ulikuwa mtupu. Haikuwahi kutokea. Mliulizana, mkaambiwa hali imebadilika. Sivyo. Asubuhi ile marehemu alivaa koti juu ya mfuko wake, akakataa kusindikizwa, akatembea hadi kwangu. Ni mwendo wa dakika kumi kwa mtu mwenye afya. Yeye ulimchukua karibu saa nzima. Alikuwa na karatasi mkononi.

Mimi nilikuwa karakana, nasafisha friji la muuza samaki lililozimika siku tano na mzigo ndani. Nilimwona kupitia dirishani akishika nguzo ya geti. Alikuwa amebaki mifupa. Mke wangu alikuja mbio. "Baba, kaka yako yuko getini. Amekuja kwa miguu!"

Nikamwambia, "Sema sipo."

"Baba, mtazame kwanza."

"Nimemtazama. Sema sipo."

Akaenda, akasema. Nilisikia kila neno. Marehemu aligeuza uso kuelekea dirisha ambako uvundo wa samaki ulikuwa unatoka, na hakutoa kitambaa. Alisimama pale muda mrefu akiuvuta uvundo ule. Kisha akasema, "Haya, shemeji. Mwambie nilifika," akageuka.

Alilazwa hospitali jioni ya siku hiyo na hakuzungumza tena kwa maneno ya kueleweka. Nilikwenda Jumatatu, mke wangu alipokataa kunipikia hadi niende. Nilimsaidia shemeji kumgeuza na kumbadilishia mashuka na mfuko, kazi ninayoijua. Sisemi hivyo ili mnisifu. Mtu anayemfungia kaka yake mlango Ijumaa na kumwosha Jumatatu akiwa hajitambui, anajiosha mwenyewe. Alifariki Jumatano tarehe 16 Aprili, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Juzi shemeji alinipa daftari lake. Siku ya Thelathini na Tatu imeandikwa, nami naisoma kama ilivyo: "Miaka tisa iliyopita nilimwandika ndugu yangu kwenye ubao huu. Alisema neno la mtu aliyechoka, nami nililisikia nikiwa mlangoni na kitambaa puani. Yeye aliosha. Mimi niliandika. Leo ninayenuka ni mimi, na sasa ninajua ni nani kati yetu aliyempenda mama. Tendo la leo: nakwenda kwake kumwomba radhi, na kumwomba ruhusa kabla karatasi hii haijabandikwa." Msoma mita akikuta nyumba imefungwa huwa ana maneno ya kuandika kwenye daftari la kazi. Kaka yangu ameyaandika chini ya tafakari, kwa penseli: "Nilifika. Hakuna mtu."

Mwenyekiti wa kamati alinishauri nisiisome. Alisema Kwaresima imekwisha, ndugu, tuko katika furaha ya Pasaka. Nimeisoma. Na saa kumi na mbili asubuhi ya leo, kabla hamjafika, nimeibandika mwenyewe kwenye ubao wa mlangoni, na chini ya yale maneno ya penseli nimeandika kwa wino, "Mtu alikuwepo." Ruhusa umepata, kaka. Radhi nakuomba mimi.

Marehemu ameacha mjane, binti wawili, kijana mmoja, wajukuu watano, shemeji mmoja aliyetumwa kusema uongo, na mdogo wake mmoja aliyemtuma. Mungu ampe kaka yangu pumziko na amani, na ampokee kwa mlango uliofunguliwa.