Etete Zenebech na Malalamiko Tuliyoyaomba Wenyewe

Tarehe thelathini ya mwezi wa Sene, siku tunayofunga mwaka wa fedha, Weizero Zenebech Lakew atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha majiko ya umeme cha Gulicha. Siku hiyo atastaafu kama Mkuu wa Idara ya Wateja. Kwenye barua zake ni Weizero (Bibi) Zenebech, lakini kiwandani, kuanzia mlinzi wa lango hadi mwenye kiwanda, wote tunamwita Etete, kama unavyomwita dada mkubwa usiyethubutu kumjibu vibaya.

Alipoajiriwa, Gulicha ilikuwa karakana ya mabati nyuma ya soko la Adama, na mwanzilishi wetu, Ato (Bwana) Beyene Worku, alimtaka apokee simu tu. Simu ilikuwa hailii. Etete akachoka kuitazama, akaanza kuja na ndoo ya rojo lililochachuka la unga wa tefu, ile nafaka yetu ndogo, kutoka nyumbani, akawa anapika injera, mkate wetu mwembamba wa kila siku, dukani mbele ya wanunuzi. Ato Beyene alilalamika kwamba watu wanakuja kula, hawaji kununua. Etete akamweleza kwamba mwanamke anayetafuta jiko hana haja na habari za waya na nati. Anachotaka kujua ni kama injera itatoka na macho. Na ni kweli, kwani injera isiyo na vitundu ni kipofu, na mpishi wa injera kipofu hawezi kukaribisha mgeni. Majiko yakaanza kutoka. Wanaokula bure nao hawakupungua.

Kutoka dukani alipanda hadi mauzo, kisha akakabidhiwa Idara ya Wateja, ambayo siku hizo ilikuwa yeye na kiti chake. Wengi wetu tulifundishwa kazi naye, na tunajua kwamba sifa hazimtoki kirahisi. Ukifanya kazi nzuri sana atakuambia, "Si mbaya." Aliyeambiwa hivyo alirudi nyumbani akitembea kama bwana harusi. Wakati mmoja alipigiwa simu na mzee wa Asela aliyefoka kwamba jiko lake limekufa siku ya pili tu. Etete alimsikiliza mpaka akamaliza, akamuuliza kwa upole kama mtaani kwao umeme umerudi. Mzee aliaga kwa adabu. Mwezi uliofuata alinunua jiko la pili, la binti yake, na akataka auziwe na Etete mwenyewe.

Hata hivyo, tukiulizwa tumkumbuke kwa lipi, tutataja mambo ya miaka minne iliyopita.

Tulikuwa tumetoa jiko jipya, jepesi, lenye kifuniko kizuri, na kampuni ilikuwa imefungua tovuti yake. Etete akaandika ujumbe wa kutumwa kwenye simu ya kila aliyenunua: "Tuambie ukweli kuhusu jiko lako. Maneno yako tutayaweka mbele ya wote, yawe matamu au yawe machungu." Wakuu wote waliupitisha wakitabasamu. Hakuna aliyedhani machungu yangekuja.

Matamu yalitangulia, nasi tukayaweka kwenye tovuti mara moja. Kisha ukaja ujumbe wa Weizero Mulunesh Tola wa Bishoftu, mama anayepikia mikahawa injera za kuuza. Aliandika kwamba injera inaungua katikati huku pembeni ikibaki mbichi, na kwamba wiki ya Fasika, yaani Pasaka, sahani ya udongo iliyo juu ya jiko ilipasuka akiwa na oda za mikahawa mitatu. Wateja wake walikwenda kwa jirani na hawakurudi. Alimaliza hivi: "Anayetaka kununua anisikie mimi kwanza." Haukupita muda, wengine nao wakaandika maneno yanayofanana na hayo.

Mkuu wa Mauzo, Ato Yared Gemechu, aliomba kikao. Tuseme haki, hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akiangalia kiwanda chenye wafanyakazi zaidi ya mia na wauzaji wa majiko ya nje wanaosubiri tujikwae.

"Etete, nani anaanika nguo zake chafu barabarani?" aliuliza. "Tumpigie simu yule mama, tumbadilishie jiko, yaishe humu humu ndani. Wenzetu wanaonyesha sifa tu, na hakuna anayewauliza."

"Yared mwanangu, hizo nguo tulimwomba yeye atuanikie," Etete alijibu. "Ukimwomba mtu ukweli, halafu ukaonyesha nusu iliyokupendeza, hata yule aliyekusifu kwa moyo safi umemfanya mwongo. Na atakayenunua kesho kwa sababu ya sifa hizo, akinipigia analia, nimwambie nini?"

Ato Yared alisema mteja mwenye hasira huandika zaidi kuliko aliyeridhika, kwa hiyo tovuti itatuchora wabaya kuliko tulivyo. Etete alikubali kwamba hilo lina ukweli. Ato Beyene alikuwa akizungusha kikombe chake cha kahawa mezani. Mwishowe akamuuliza Etete kama anataka kukifunga kiwanda ambacho yeye Beyene alikijenga kwa mikono yake.

"Nataka tuchague," Etete akasema. "Tuweke yote, au tufute yote, sifa zikiwemo, na tuwaombe radhi watu kwa kuwasumbua."

Ato Beyene alichagua kuweka yote. Ato Yared naye hakutoka mikono mitupu: ilikubaliwa kwamba chini ya kila lalamiko pawe na jibu la kampuni, na kwamba matusi yanayomtaja mfanyakazi kwa jina yaondolewe. Etete alisema hayo ni ya haki, na angekuwa ameyafikiria mapema angeyapendekeza mwenyewe.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Mauzo yalishuka. Wakala wetu wa Dire Dawa alirudisha majiko yote aliyokuwa nayo. Idara ya uunganishaji ilipunguziwa zamu, na wenye watoto shuleni wakaanza kuhangaika. Wakati wa kahawa, mazungumzo yalikuwa yakikatika Etete akisogeza kigoda. Mwenzetu mmoja, ambaye jarida hili halitamtaja kwa kuwa anajijua, alimwambia mbele ya watu, "Mdomo wako umekula mkate wa mwanangu." Etete alimaliza kahawa yake, akaosha kikombe, akarudi kwenye simu.

Baadaye sana alimweleza mhandisi wetu, Hirut Assefa, kwamba katika majuma yale alikuwa akiingia ghalani, akakaa kati ya maboksi, akalia. Alisema angeweza kuvumilia kulaumiwa. Kilichomkosesha raha ni kwamba hakuwa na hakika kama amefanya sawa.

Hirut mwenyewe alikuwa na lake. Tangu jiko jipya lianze kutengenezwa, alikuwa akiomba sahani za udongo zichomwe kwa moto wa polepole ili zisambaze joto sawasawa na zisipasuke, na kila mara alijibiwa kwamba hakuna mteja aliyelalamika, na kwamba moto wa polepole unachelewesha kazi. Sasa malalamiko yalikuwa hadharani, kila mtu ameyasoma. Alimwendea Etete, wakashauriana, na Etete akapanda basi kwenda Bishoftu kumwomba Weizero Mulunesh aje Adama na unga wake.

Weizero Mulunesh alikuja. Hakuwa na furaha ya kutuona, na hakuificha. Alifunga shela kiunoni, akamwaga rojo la unga kwenye jiko jipya kabisa lililotoka ghalani asubuhi ile, akafunika, akafunua. Katikati pakawa pameungua. Ato Beyene alimega kipande cha pembeni, kikiwa kibichi, akakitafuna mpaka mwisho kwa heshima ya mpishi. Kisha akamgeukia Hirut akasema, "Choma polepole, mwanangu. Hata tukitoa nusu ya majiko kwa siku." Ato Yared, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, aliuliza ni nani atakayekwenda kwa wateja kuwabadilishia sahani. Kabla hajajibiwa, akasema atakwenda yeye.

Alikwenda, mji kwa mji, na kila alikofika alikaribishwa kwa lawama kwanza na chakula baadaye.

Mauzo yalirudi polepole. Zamu zilirudishwa zote. Wakala wa Dire Dawa hajarudi mpaka leo. Weizero Mulunesh aliipata tena mikahawa miwili. Wa tatu umebaki kwa jirani yake, na Etete hutukumbusha jambo hilo kila tunapoanza kujisifu. Dukani watu walianza kuomba "lile jiko linalosemwa vibaya", kwa sababu walikuwa wamesoma lalamiko, wakasoma jibu, wakaona ni kampuni inayojibu. Weizero Mulunesh alituandikia upya: "Sasa inatoka na macho hadi pembeni. Lakini waya wa umeme ni mfupi mno." Etete aliyaweka maneno hayo siku ile ile, yote. Hirut akaurefusha waya.

Jarida hili lilipowaomba wafanyakazi waandike neno kuhusu Etete, yeye mwenyewe alikuja mezani kwetu kuuliza kama mabaya nayo yatachapishwa. Tulimwambia tunafikiria. Alitutazama tu, na tukaacha kufikiria. Basi ni haya: madereva wanasema kahawa yake ni nyepesi kama maji ya kuoshea vikombe. Wasichana wa mapokezi wanasema hajui kuaga kwenye simu, huikata tu. Hirut anasema kwa miaka yote hii hajaambiwa lolote zaidi ya "si mbaya", na kwamba hayo yanamtosha.

Ato Yared aliandika marefu zaidi. "Bado naamini tungengoja tupate dawa ya tatizo kwanza, ndipo tuyaweke malalamiko, na Dire Dawa tusingeipoteza. Tumebishana miaka minne na hajanishawishi. Ila juzi dada yangu alitaka kununua jokofu, nikamwambia asinunue kwa watu ambao hakuna mteja aliyewahi kuwalalamikia. Sijui hayo niliyatoa wapi."

Etete anahamia Asela, kwa dada yake, wakalime vitunguu na wabishane kuhusu kwaya ya kanisa. Tunamshukuru kwa kila mteja aliyemsikiliza mpaka mwisho, na kwa siku zile alizokaa nasi kwenye kahawa ingawa hatukumkaribisha.

Etete, nenda kwa amani. Mungu akupe afya, akupe mvua kwa wakati wake, na siku ndefu zisizo na haraka. Simu ikilia nyumbani kwako, iwe ya watu wanaokupenda tu. Wenye hasira waelekeze kwetu, tutawasikiliza.