Kiguu na Njia wa Chumba cha Alasiri

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliotoka makazini kuja kusimama nasi hapa: marehemu dada yetu hakuwa na subira na hotuba ndefu. Kwenye mazishi ya wengine alisimama nyuma kabisa, karibu na njia, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, na wasifu ukivuka ukurasa wa pili alinong'ona, "Jamani, marehemu mwenyewe ameshachoka." Mdogo wake anayeusoma huu atajitahidi asimchoshe.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya saba, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga nafaka aliyokuwa akiiendesha baba yetu. Alitembea kabla hajatimiza mwaka, na tangu hapo hakuna aliyemkamata. Mama alipotaka kupika kwa utulivu alimfunga kwa kitambaa kwenye mguu wa kigoda. Siku moja aligeuka akakuta hakuna mtoto na hakuna kigoda. Walimpata barabarani mbele ya duka, anakiburuta kigoda chake na kumsalimia kila mpita njia. Babu alicheka mpaka akakaa chini. "Huyu ni kiguu na njia," akasema, na jina likakaa. Wapo wajukuu wanaodhani hadi leo kwamba ndilo la kwenye cheti.

Shule ya msingi alianza mwaka 1968 akamaliza 1974. Kichwa chake kilikuwa chepesi, ila dawati lilimwasha. Mwalimu wa darasa la tatu, baada ya kuchoka kumwambia akae, alimpa kazi ya kugonga kengele. Aliigonga mpaka alipomaliza, na wenzake wanaapa kwamba shule ile haijawahi kutoka mapema kama miaka ile. Sekondari alikaa miaka miwili tu. Mwaka 1976 mama aliugua, na nyuma ya Kiguu walikuwepo wadogo wanne, wa mwisho akiwa bado anatambaa. Akarudi nyumbani, akatupikia, akatuogesha, akatupeleka shule ambayo yeye alikuwa ameiacha. Sisi hakutulalamikia hata siku moja. Mama tu ndiye aliyemsikia akisema, wakati anaikunja sare yake, "Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kuipenda hesabu." Yule aliyekuwa akitambaa ndiye aliyesimama mbele yenu sasa.

Mwaka 1982 aliajiriwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Ilikuwa kazi ya kusimama kutwa, ya mvuke na buti za mpira, na yeye akaiona ni kama imeundwa kwa ajili yake. Wenzake wanasema alikunja mashuka huku anatembea. Huko ndiko alikokutana na seremala aliyekuja kurekebisha rafu, mtu mzito wa mwili na mwepesi wa moyo, ambaye hajawahi kukimbilia kitu maishani. Walioana tarehe 10 Agosti 1985. Siku ya harusi bibi arusi aliondoka mezani mara mbili kwenda kuangalia kama wapishi wameona masufuria yanafurika. Zawadi ya bwana arusi ilikuwa kiti cha mbao ngumu, chenye mikono, alichokichonga miezi mitatu. Kiti kikawa cha kuanikia taulo. Seremala akisema, "Haraka haraka haina baraka, mke wangu," yeye alimjibu kutoka mlangoni, "Na ngoja ngoja huumiza matumbo." Waliishi hivyo karibu miaka thelathini na minane, mmoja ameketi na mwingine anapita.

Mungu aliwajalia watoto watatu. Mwaka 1994 wa kwanza alikuwa na miaka saba. Shule ilitoka mchana, mama alitoka kazini jioni, na karakana ya baba ilikuwa upande wa pili wa mji. Katikati hapo mtoto alijifungulia nyumba kwa ufunguo aliovaa shingoni kwa uzi. Alasiri moja akataka kupasha chakula, akawasha jiko la mafuta, pazia likashika moto. Jirani alivunja mlango, moto ukazimwa kwa maji ya kufulia, na mtoto akabaki na kovu la mkononi. Ni huyu baba wa watu aliyebeba jeneza leo upande wa mbele. Jioni ile dada yetu alizunguka ndani ya nyumba iliyojaa moshi, chumbani, sebuleni, chumbani tena.

"Wako wangapi?" akamuuliza mumewe.

"Wangapi nani?"

"Wenye funguo shingoni."

Kesho yake, na buti zake za kazini miguuni, akaanza kugonga milango. Ndivyo kilivyozaliwa Chumba cha Alasiri.

Chumba chenyewe mnakijua, kile cha nyuma ya duka la fundi cherehani, palipokuwa pakirundikwa vitambaa. Fundi alikitoa kwa sharti moja tu: mtoto asiguse cherehani. Sharti lilivunjwa siku ya kwanza, na kabla mwezi haujaisha fundi mwenyewe alikuwa anawafundisha kushona vifungo. Beseni la kunawia liliwekwa mlangoni, misumari ya kutundikia mifuko ikapigwa kwa kimo cha mtoto, na benchi refu likatoka kwa seremala. Chai na mkate kwanza, kisha kazi za shule, kisha michezo. Mtoto hatoki mpaka aje mtu wake, hata kama nyumba yao inaonekana pale dirishani.

Watu walimuuliza ataendeshaje kitu kama kile bila fedha. Jibu lake lilikuwa lile lile kwa wote. "Mwenye pesa ashike zamu. Asiye na pesa ashike zamu." Kila mzazi alitoa alasiri moja katika wiki mbili, awe karani, awe mlinzi, awe muuza mboga. Asiyeweza kuja siku yake alitafuta mwenyewe wa kumshikia. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria mama, na ilikiweka chumba wazi wakati miradi yenye mabango makubwa zaidi imefunga na mabango yake yamekuwa milango ya mabanda ya kuku.

Lakini wasifu wa sifa tupu marehemu angeuchana. Aliyeitunga sheria ya zamu ndiye aliyekuwa haiamini. Alipita kila jioni akitoka kazini, akachungulia dirishani, akahesabu vichwa, akaingia, akahesabu tena. Akamwonyesha karani wa benki namna ya kukata mkate. Mlinzi mmoja aliyekuwa ameacha usingizi wake wa mchana ili ashike zamu alimkabidhi kisu na kumwambia, "Mama, chagua. Nikishika zamu, nishike mimi. Ukishika wewe, mimi nikalale." Alimrudishia kisu. Wiki iliyofuata akachungulia tena.

Alistaafu mwaka 2016, na hapo mambo yakaharibika kwa sababu ya wema. Sasa alikuwa na kutwa nzima, akaimalizia yote chumbani. Wazazi nao ni binadamu. "Niende kufanya nini, na Kiguu yupo?" Mmoja akaacha, kisha watatu, kisha ikawa kawaida. Mwanzoni alijivuna kidogo, tusifichane. Alipokuja kushtuka, zamu zote zilikuwa zake. Ndipo miguu ilipoanza kuvimba na pumzi kukata. Daktari alimwambia moyo umechoka, apumzike. "Nikilala, nani atafungua?" akauliza. Mwaka 2021 alianguka katikati ya chumba, watoto wanaona. Siku ya pili alikuwa mlangoni na ufunguo. Alikuwa anaogopa, na alituambia hivyo waziwazi: hakuogopa kufa, aliogopa kwamba mlango utazikwa naye.

Aliyelikabili jambo hilo ni msusi mmoja kijana, mama wa watoto wawili, ambaye yeye mwenyewe alilelewa chumbani humo tangu darasa la kwanza. Alizunguka kwa wazazi, nyumba kwa nyumba, kama alivyofanya mlezi wake, akazifufua zamu moja baada ya nyingine. Kisha akaenda kwa seremala, wakanong'onezana, na seremala akabadilisha kitasa cha mlango. Mnaweza kufikiria ujasiri uliohitajika, maana mmoja alilelewa na mama huyo na mwingine analala naye nyumba moja.

Alasiri ile marehemu alifika, ufunguo ukakataa. Ndani palikuwa na kelele za kawaida. Akagonga.

"Nani?" sauti ya mtoto ikauliza.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Bibi yenu! Fungueni!"

Pakasikika kushauriana, kisha ile sauti ikarudi kwa adabu zote: "Bibi, tumeambiwa umelala."

Msusi akaja dirishani. Maneno yake yalinyooka. "Shikamoo, mama. Rudi nyumbani ukapumzike. Zamu ni yangu leo."

Hakurudi. Alisimama pale nje mpaka mtoto wa mwisho alipochukuliwa. Aliona mkate umekatwa vipande vinene kama matofali. Aliona wawili wamepigania penseli, wakaamuliwa, wakasahau. Hakuna kilichoungua. Alipofika nyumbani alilia kwa hasira mbele ya mumewe, akisema amefukuzwa kwenye kitu alichokizaa. Miezi kadhaa hakumjibu msusi salamu. Sisi ndugu tuligawanyika, wengine tukimwona msusi hana shukrani. Yeye, hata hivyo, katika hasira hiyo hiyo, alimwambia mdogo wake huyu jambo ambalo halijamtoka masikioni: "Inaniuma kwamba wameweza. Na usiku sasa nalala."

Msusi ndiye aliyerudi kwanza. Hakuja kuomba radhi. Alikuja kumpangia zamu: Alhamisi moja katika wiki mbili, kama kila mtu. Marehemu akaangua kicheko, akauliza kama akichelewa atapigwa faini. Akaishika zamu hiyo karibu miaka miwili, akiwa amekaa. Ndiyo, amekaa, kwenye kile kiti cha harusi alichobebewa na mumewe.

Tarehe 3 Juni mwaka huu wa 2023 alilazwa katika hospitali ile ile aliyoifulia mashuka, akalalamika kwamba siku hizi hawayanyooshi. Ijumaa tarehe 16 alimwita msusi kitandani. "Alhamisi sitaweza," alimwambia. "Nitakushikia, mama," msusi akajibu. Dada akaongeza: "Na siku yangu msifunge. Watoto hawajui mazishi, wanajua mlango. Na mkate ukate mwembamba." Alifariki Jumapili tarehe 18 Juni, asubuhi, mume wake akiwa amemshika mkono. Miguu yake ilikuwa imetulia, na hilo ndilo lililotufahamisha.

Agizo lile la kutofunga lilitugombanisha. Kaka yetu mkubwa alisema ni aibu chumba kuwa wazi wakati mwenyewe anashushwa kaburini, watu watasema nini? Tulibishana jikoni, uani, na njiani kwenda kununua sanda. Mwishowe kaka akasema, "Basi kiwe wazi, lakini mimi simwelezi mtu." Ndiyo maana anayewaeleza ni mdogo wake.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, kaka wawili na wadogo wanne, na watoto wa chumba kile, ambao wengine wamekuja hapa na mvi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa chumba cha kufulia, na kila aliyebeba jembe.

Wengi mmeuliza tangu asubuhi kwa nini msusi hayupo, yeye aliyemuuguza kuliko sisi wengine. Msimlaumu, na msidhani hakuumia, maana aliondoka nyumbani kwetu analia. Leo ni Alhamisi. Shule imeshatoka. Zamu ilikuwa ya dada yetu, na amemshikia.

Kiguu, mlango uko wazi nawe hupo mlangoni. Nenda ukapumzike kwa amani. Kupumzika hukukujua, huko watakufundisha.