Mama Sijui, Aliyejua pa Kuuliza

Tarehe thelathini Juni, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja katika hospitali yetu, Mkuu wa Kitengo cha Mtandao anastaafu rasmi. Jina lake limeandikwa kwenye kadi ya mwaliko, lakini humu ndani hakuna anayelitumia. Kuanzia lango kuu hadi chumba cha kufulia anaitwa Mama Sijui, na ukimwita hivyo anaitika kwa bashasha. Kamati ya sherehe imeniomba mimi niandike wasifu huu kwa kuwa nimefanya kazi naye meza kwa meza kuliko mtu mwingine yeyote. Kamati haikuniuliza kama ninamwonea wivu. Ninamwonea, tena sana, na ni vizuri msomaji alijue hilo mapema, kabla keki haijakatwa.

Alianza kama opereta wa simu katika chumba kidogo kando ya mapokezi, akiunganisha simu za wodini. Huko ndiko alikoipata tabia iliyompa jina. Ukimwuliza jambo asilolifahamu, hakisii wala hazungushi maneno. Husema tu, “Sijui, lakini twende kwa anayejua,” kisha anakushika mkono, anakufikisha kwenye meza ya mhusika, na anasimama hapo mpaka ujibiwe. Alipokwenda masomoni na kurudi na shahada ya mitandao ya kompyuta, wengi walidhani sasa atajifanya anajua kila kitu. Wapi! Alirudi na sijui zake zile zile.

Mimi niliajiriwa baadaye, na nilikuja nikijua. Swali lolote la kompyuta nilikuwa na jibu lake, na aliyeuliza nilimweleza pia alipokosea ili asirudie. Ajabu ni kwamba foleni ilikuwa kwake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilikaa nikiyasubiri maji hayo. Hayakutiwa.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilikuja hospitali ilipohamishia mfumo wa wagonjwa kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kukodi zilizo mbali nasi. Mashine za maabara na za eksirei zilibaki hapa hapa. Daktari alipobonyeza aone majibu ya damu, mfumo uliiuliza seva ya majina ya huko winguni anwani ya maabara ni ipi. Seva hiyo, ambayo haikuwahi kuisikia maabara yetu, ikajibu kwamba hakuna jina kama hilo. Wauguzi wakarudi kupanda na kushuka ngazi na karatasi mkononi.

Mimi nilipendekeza tuyanakili majina ya mashine zetu zote tuyapeleke winguni. Yeye akatikisa kichwa, akasema mashine hubadilishwa na nakala huchakaa. Alitaka iwekwe kanuni moja tu: swali lolote kuhusu jina la hapa nyumbani, seva ya winguni isijitie kulijibu, bali ilielekeze kwa seva yetu ya majina, iitwayo DNS, iliyo huku nje ya wingu, ilete jibu kutoka kwa mwenye kujua. Msomaji makini ameshaona kwamba huko ni kuifundisha mashine tabia yake mwenyewe. Mimi pia niliona, na hilo liliniudhi.

Asubuhi ya kwanza kanuni hiyo ilituangusha. Aliiagiza seva ya winguni iulize ya kwetu, akasahau kwamba ya kwetu nayo, ikikosa jibu, ilikuwa imeagizwa iulize ya winguni. Likija jina lisilojulikana na yeyote kati yao, zilirushiana swali hilo bila kikomo, kama wageni wawili mlangoni, huyu akisema tangulia, yule akisema tangulia wewe. Mfumo mzima ukasimama. Ningekuwa mimi, siku hiyo ningeandika maelezo kwa mkurugenzi. Yeye alizunguka wodi hadi wodi akisema, “Ni mimi, samahanini, tuvumiliane kidogo.” Wauguzi wakamkalisha, wakampa chai. Mimi sijawahi kupewa chai wodini, na sijawahi kusimamisha kitu.

Vidole vilivyoandika sahihisho, lile lililoikataza seva yetu kurudisha swali winguni, vilikuwa vyangu. Kwenye mkutano wa wafanyakazi alisimama akasema, “Aliyevuruga ni mimi, aliyenyoosha ni huyu,” akanivuta mbele. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nilipoinua uso, macho yote yalikuwa kwake. Walikuwa wanaushangilia unyenyekevu wake. Mkurugenzi akasema chanda chema huvikwa pete, na chanda hakikuwa changu.

Tangu hapo majibu ya damu hufika kwa daktari mgonjwa akiwa bado kwenye benchi. Maabara imebadilisha karibu mashine zake zote, na kule winguni hakuna aliyelazimika kugusa kitu. Nakala zangu zingekuwa zimeoza zamani. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu napenda.

Hata nyumbani kwangu sikupona. Jumapili moja mtandao ulikatika, mke wangu akachukua simu akampigia Mama Sijui, na mimi nimekaa naye kochi moja. Nilipouliza kulikoni, alinijibu bila kunitazama, “Wewe jibu utanipa, lakini kwanza utanionyesha nilivyo mjinga.”

Kiti cha Mama Sijui nimekitamani siku zote, na sasa nimepewa. Tangu aanze likizo yake ya mwisho nakikalia mimi. Watu huchungulia mlangoni, wakiniona husema, “Aa, basi, nitapita baadaye.” Hawapiti. Jana karani wa masjala aliingia hadi ndani, nikafurahi, nikamvutia na stuli. Alitaka kujua tu Mama Sijui atakuja saa ngapi kuaga. Ndipo nikakumbuka kwamba karibu wote waliowahi kufika mezani kwangu na shida zao, yeye ndiye aliyewaleta. Nilikuwa nikidhani ananitupia kazi.

Anakwenda kupumzika na shemeji yetu, ambaye kila jioni humngoja getini na kumpokea mkoba kana kwamba ametoka safari ndefu. Hilo nalo ninalionea wivu, na sidhani niko peke yangu.

Mama, kwa niaba ya wodi zote, maabara, masjala na kitengo ulichokilea, asante. Tunakuombea afya njema, usingizi wa kutosha na wajukuu wenye maswali mengi. Siku ukija kututembelea, karibu sana, ila nakuomba upitie mlango wa nyuma. Ukipita wa mbele wote watakukimbilia wewe, nami nitashinda peke yangu kwenye kiti chako.