Hisa za Moshi

Mjini Tulungagung, barazani kwa Yu Jirah muuza kahawa, kahawa hainyweki mpaka wanaume wamalize kuzichora sigara zao kwa njiti na machicha ya kahawa, kama maharusi wa hina. Laiti wangewapaka watoto wao mafuta kwa uangalifu huo! Asubuhi hiyo Bi Wagini alifika na simu mkononi. Zamu yake ya upatu ilikuwa imefika, na kwa mara ya kwanza alitaka kununua hisa. Kiwanda cha sigara kiligawa faida nono. Cha tempe, kile chakula cha soya iliyochachushwa cha kila siku, kiligawa makombo. Paa la jiko lake linavuja, na mumewe sigara zilimmaliza kifua mwaka juzi.

— Nunua sigara, — alisema Katmo, aitwaye Benki Kuu ingawa kahawa hunywa kwa mkopo. — Marehemu kawalipa wenye kiwanda pesa zake maisha yake yote. Nenda kazirudishe!

— Hiyo si faida, Katmo, hiyo ni rambirambi, — akajibu Bi Wagini.

— Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Maana yake, ukipata, tukumbuke jirani.

— Wahenga wa wapi hao? Wa kwenu?

— Mimi naona tununue sote, — akadakia Sukir Mapafu, akikohoa. — Tuvute mara mbili, bei ipande, tujilipe wenyewe!

— Na tukifa?

— Tumefia kwenye mali yetu, Bi Wagini. Kuna heshima kubwa kuliko hiyo?

Wakacheka. Bi Wagini naye akacheka, lakini kidole kwenye simu kilikuwa kimeshazielekea hisa za sigara. Jiko ni jiko.

Mursinah, fundi cherehani aliyehamia mtaani juzi tu, alikuwa anasubiri kahawa yake ya kubeba.

— Samahani, Bi. Ukishanunua, si utaomba dua biashara ikue?

— Nisipoomba, nimenunua ya nini?

— Sasa utamwombea nani aanze kuvuta?

Katmo akaitazama sigara yake, michoro ya kahawa ikiwa bado mbichi. Sukir alifungua kinywa ajibu, kikohozi kikamtangulia.

Bi Wagini akabonyeza tempe.

— Makombo hayo! — Katmo akalia kama aliyeibiwa.

— Makombo, ndiyo. Nitapika na ndoo pembeni. Lakini nikiomba yaongezeke, nitakuwa namwombea mtu ashibe.